Mama Mkwe wa Kila Ramadhani

Ramadhani ya mwaka 1996, khalati yangu Nadra, dada yake mama, alipigwa kwa mfuko wa vitambaa ndani ya duka moja la soko la Matrah, Maskati. Aliyempiga ni bibi mmoja mnene ambaye hakuwa akimjua hata kwa jina.

"Mwogope Mungu!" bibi alimwambia kwa Kiarabu. "Mtoto wa watu ana homa, nawe unamtuma kisimani!"

Khalati alirudi nyuma mpaka akagota kwenye rafu. "Bibi, ule mchezo tu. Yule msichana mzima kabisa. Jana tumefuturu naye, kala mkate wa kumimina vipande vitatu."

Bibi hakusadiki. Mwenye duka alipokuja kuamua, naye alimtazama khalati kwa jicho la shaka, kwa sababu hata yeye alikuwa akiifuatilia tamthilia ile kila siku baada ya futari. Tulipofika garini mama, aliyekuwa nasi dukani, alicheka hadi machozi yakamtoka. Khalati hakucheka. Njia nzima hadi nyumbani kwake Darsait aliuliza jambo lile lile: "Kwani nna uso mbaya? Nambieni kweli. Nna uso wa ubaya?"

Hakuwa nao. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwenye wasiwasi kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Akitoka nyumbani hurudi mara mbili kutazama jiko. Simu ikilia huweka mkono kifuani kabla ya kuipokea. Alitoka Unguja akiwa msichana, na alipofika Maskati Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia tu. Kingine alikiokota kazini, kwenye meza ya kuandikisha wagonjwa ya zahanati moja huko Ruwi.

Na ni pale zahanati, mwaka 1992, ndipo mambo yake yalipoanzia. Siku hiyo bwana mmoja alivuka foleni akamtangulia mama mwenye mtoto mchanga. Khalati, ambaye nyumbani hakuwahi kumkaripia hata paka, alisimama akamrudisha nyuma kwa sauti iliyonyamazisha ukumbi mzima. Miongoni mwa waliokuwa wakingoja alikuwamo Mshami mmoja, mtu wa Syria, kafungwa bendeji mkononi. Jina lake Ghassan, na kazi yake ilikuwa kuongoza michezo ya televisheni. Alipofika mezani hakutaja ugonjwa wake.

"Ile sauti," alisema, "naitaka."

Khalati alidhani anashitakiwa. Ilibidi amweleze mara mbili ndipo akafahamu kwamba anatafutwa mtu wa kucheza mama mkwe.

Mumewe, Ami Sleyum, alikuwa fundi wa magari, mtu wa maneno machache. Tulitegemea atakataa. Alikunywa kahawa yake akaimaliza, kisha akasema, "Cheza. Lakini usiwe mke wa mtu. Sitaki kumuona mwanamme mwengine anakwambia 'mke wangu' mbele ya nchi nzima."

"Basi niwe nani?"

"Uwe mjane."

Ikawa hivyo. Katika tamthilia zote alizocheza, khalati alikuwa mjane: mama mkwe mjane, mkunga mjane, mshenga mjane, jirani mjane wa kuchungulia dirishani. Hakupata kuwa mhusika mkuu hata siku moja. Wazuri na vijana walipendana mbele, yeye akapita nyuma yao na beseni la nguo, akasema neno moja kali, na watu wakalikumbuka neno lile baada ya kuwasahau wapenzi. Uhusika wake uliovuma zaidi ni wa mama mkwe aliyeitwa Umm Shidda. Ghassan aliurudisha kila mwaka, na kila mwaka ukatili ukazidi.

Khalati alikuwa akijifunza maneno yake sebuleni, na Ami Sleyum ndiye aliyekuwa mkwe anayeteswa. Nimewaona kwa macho yangu. Jibaba lile lenye grisi kuchani, limelala kwenye mkeka, linaugulia kwa Kiarabu, "Mama, nihurumie, mie mgonjwa," na khalati kasimama juu yake anasahau zamu yake kwa woga.

"Nimepotea," husema. "Ntaaibika, Sleyum. Watanisikia lafudhi yangu. Watasema huyu Mswahili kaletwa wa nini hapa."

"Watasema wanakuogopa. Haya, anza tena. Mie bado mgonjwa."

Kila asubuhi ya kwenda studio alitapika. Hakuzoea. Mama alidhani mwaka wa pili utakuwa mwepesi, na wa tatu mwepesi zaidi, wapi! Khalati alisema woga wake ni kama mpangaji asiyehama. Lakini taa zikiwashwa sauti ile ilitoka, wala yeye mwenyewe hakujua inatoka wapi.

Ami Sleyum alifariki mwaka 1999, moyo. Khalati alikaa eda yake Darsait, na alipotoka Ghassan alimpa onyesho dogo: mjane anakunja nguo za marehemu. Maneno hayakuwapo, nguo tu. Khalati alikunja kanzu moja, akakunja ya pili, kisha akaiweka chini, akatoka nje ya studio, akakaa kwenye ngazi. Ghassan alimfuata.

"Miaka yote hii nimekuwa mjane wa uongo," khalati akamwambia. "Nnaogopa nlijiitia mwenyewe."

Ghassan alilifuta onyesho lile, akamrudishia ukatili wake, maana huo aliuweza.

Aws, mwanawe wa pekee, alikua, akasoma, akapata kazi wizara moja huko Al Khuwair. Mwaka 2005 akasema kapata mchumba. Binti mwenyewe alikuwa akifanya kazi ofisi moja naye, anaitwa Hind, watu wa Unguja kama sisi. Tukaenda kuposa, khalati, mama na mimi. Mama yake Hind, Bi Shaikha, alitupokea vizuri, halwa na kahawa, udi ukafukizwa. Lakini nikaona hamtazami khalati usoni.

"Bi Nadra," alisema mwishowe, "mie ntasema kweli, unisamehe. Mwanao hana kasoro. Lakini binti yangu ndiye huyu mmoja, na kila mwaka mie nnakutazama kwenye televisheni."

"Ule mchezo, bibi."

"Nnajua mchezo. Lakini mtu hutoa kilichomo ndani. Hayo hayatokei hewani."

Mama yangu alitaka kujibu, nikamuona khalati anamshika goti kumzuia. Kwa sababu lile neno, ambalo mama aliliona ni ujinga, khalati alilichukua kama ushahidi. Alikuwa akijiuliza vile vile tangu siku ya duka la Matrah.

Hakumwambia Aws aliloambiwa. Wiki ile ile alimwendea Ghassan akamwambia basi, Umm Shidda ampe mwengine. Ghassan alimbembeleza, akafoka, mwisho akakubali. Ramadhani iliyofuata tulimuona mwanamke mwengine amevaa nguo za Umm Shidda, anapiga kelele, na hakumtisha mtu. Khalati alimtazama mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Anajitahidi, maskini," alisema, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Bi Shaikha aliposikia kwamba ameacha, aliridhia. Harusi ilifanyika mwaka 2006, na Aws akapanga nyumba ya chini huko Al Khuwair, akamhamisha mama yake wakae pamoja.

Hapo ndipo wasiwasi wa khalati ulipopata nyumba kubwa. Aliogopa kumwomba Hind chumvi, isije ikasikika kama amri. Alipotaka mlango ufungwe aliinuka akaufunga mwenyewe. Hind akipika wali ukaungua, khalati alikula hadi ukoko na kusifu. Akizungumza na mkwewe alizungumza kwa sauti ya mtu aliye msibani. Naye Hind, kwa upande wake, alikuwa akitembea kwa ncha za vidole, "naam mama, sawa mama," macho chini. Nilipokwenda kuwatembelea nilitoka na maumivu ya shingo kwa kujikaza. Nyumba ilikuwa kimya hadi ukisikia friji.

"Ananiogopa," khalati aliniambia jikoni kwa mnong'ono. "Nimeacha kazi, nimeacha kila kitu, na bado mtoto ananiogopa. Nifanye nini zaidi? Nisipumue?"

Hind akapata mimba. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, ikaja habari ya kimbunga. Watu wa Maskati hawakuwa na mazoea ya kimbunga, wengi walidhani ni mvua tu. Khalati hakudhani hivyo. Alijaza ndoo, akafunga nyaraka na dawa kwenye mifuko, akapandisha mazulia juu ya makabati, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemcheka. Aws aliitwa kazini kuangalia mitambo ya wizara, barabara zikakatika, asiweze kurudi. Wanawake wawili wakabaki peke yao.

Jumatano, mchana, wadi, lile bonde kavu la mto lililo nyuma ya mtaa, ilishuka maji. Khalati anasema haikuja kama maji, ilikuja kama ukuta wa udongo unaotembea. Mlango ulivimba, ukafunguka wenyewe. Kwa muda wa kuvaa buibui maji yalikuwa magotini, ya rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake mnapita matairi na viatu vya watu.

Ghorofani walikuwako majirani, na ngazi ya kwenda kwao ilikuwa nje, hatua chache tu kando ya ukuta. Lakini Hind alikuwa jikoni amelikumbatia friji, tumbo lake la miezi sita mbele yake, macho yamemtoka, hasikii.

"Hind, mwanangu," khalati akasema kwa ile sauti yake ya msibani. "Twende juu, mama. Tafadhali."

Hind alitikisa kichwa.

"Tafadhali, mwanangu. Kama hutojali."

Maji yakafika mapajani. Friji likaanza kuyumba, linataka kuelea. Khalati alimshika mkono kumvuta, Hind akazidi kung'ang'ania. Hapo khalati anasema hakufikiri kitu. Kifua kilipanuka chenyewe.

"Achia!" alinguruma. "Achia hilo friji sasa hivi! Nani kakwambia usimame hapo kama mlingoti? Miguu unayo ya nini? Mbele! Mbele, nimesema!"

Hind aliachia. Alitembea. Khalati nyuma yake, mkono mgongoni pake, akimfokea kila hatua, kwa Kiarabu na Kiswahili vimechanganyika, matusi ya kizee ambayo hakuna mwandishi wa televisheni aliyepata kuyaandika. Wakatoka mlangoni, wakashika chuma cha ngazi, wakapanda. Kijana wa juu aliwapokea mikono. Nyuma yao friji lilianguka, wakalisikia.

Juu kwa majirani, walipokwisha kufunikwa mablanketi, khalati alirudi kuwa khalati. Meno yalimgongana, akalia.

"Nisamehe, Hind. Wallahi si mimi niliyesema yale. Si mimi, mwanangu."

"Ni wewe," Hind akasema.

"Si mimi!"

"Mama, ni wewe, na ni mara ya kwanza nimekusikia." Hind alimsogezea ncha ya blanketi lake. "Mwaka mzima umeninyamazia. Umekula wali wangu wa kuungua ukasema mtamu. Mimi nikajua unanichukia, unangoja siku yako. Kule kwenye televisheni angalau mtu alijua unataka nini."

Khalati alimkodolea macho. Alikuwa ameogopa mambo mengi maishani mwake, lakini hilo halikupata kumpitia kichwani: kwamba upole wake ndio uliokuwa ukimtisha mtoto wa watu.

Aws alifika kesho yake kwa miguu, tope hadi kiunoni, akawakuta wamekaa juu ya ngazi wakibishana kama mazulia yatafaa kuoshwa au yatupwe. Mabomba yalikauka siku nyingi baada ya hapo, tukapanga foleni za maji ya lori, na nyumba ile hawakurudi tena. Walihamia kwa khalati, Darsait. Mtoto, mwanamke, alizaliwa salama mwezi wa Septemba.

Bi Shaikha alipohadithiwa na bintiye alikuja na sinia la halwa. Hakuomba radhi, si tabia yake. Alisema tu, "Huyo mwengine waliyemueka hafai. Rudi kazini, Bi Nadra."

Ghassan alikuwa amekwisha kurejea kwao Sham. Mahali pake palikuwa na kijana, Loay, ambaye hakumkumbuka Umm Shidda vizuri. Alimpa khalati sehemu ndogo ya mshenga mzee, maneno machache, na siku ya kwanza khalati alitapika kama kawaida yake, akarudi mara mbili kutazama jiko, akenda.

Ilitoka Ramadhani ya 2008. Sote tulikuwa Darsait, sahani hazijaondolewa. Khalati alijificha jikoni. Hakupata kujitazama bila moyo kumwenda mbio.

"Mama, njoo!" Hind alipiga kelele kutoka sebuleni. "Unapita! Njoo upesi!"

"Nnakaanga!"

"Hakuna kilichobaki cha kukaanga, mama. Njoo!"

Khalati alikuja hadi mlangoni, mwiko mkononi, jicho moja kalifumba. Alijiona kwa mgongo, anaingia uani kwa watu, anakaa, anavuta pumzi kabla ya kusema.

"Mmh," alisema. "Nimenenepa."

"Sana," Hind akajibu, akamsogezea mto akae.