Nimemwambia Aweke Kidole Chake

Leo nimemwambia msimamizi wa mwanangu aweke kidole chake kwenye mdomo wa mashine ya rangi, mbele ya mafundi wote.



Binti yangu Zuhura anapuliza rangi kwa mashine ya presha, kwenye gesti inayojengwa hapa Mikumi. Juzi mdomo uliziba. Akataka kuzima na kutoa presha kwanza, kama alivyofundishwa. Msimamizi akamwambia, "Unatuchelewesha, zibua na kidole!"

Rangi ikamwingia kidoleni, ndani ya nyama. Tundu lenyewe kama la sindano, hata damu hakuna. Yule akacheka, "Si mbu tu huyo."

Mimi roho ilikataa jamani. Bodaboda, mpaka hospitali. Wamempasua kidole chote kuitoa hiyo rangi. Daktari kasema tungelala nacho nyumbani, kingekatwa.

Basi leo nimekwenda pale gesti.

"Shikamoo mama," msimamizi akanisalimia.

Nikampita, nikasimama kando ya mashine.

"Shikamoo mama yangu."

Nikamwambia, "Mashine hiyo inaunguruma. Mbu wako yumo. Weka kidole."

Akatia mikono yote mfukoni! Fundi mmoja akasema, "Bosi, si mbu tu?" Wakaangua kicheko.

Msimamizi akaenda kuzima mashine, akatoa presha taratibu, uso kaugeuzia pembeni.

Kumbe anajua hatari yake! Siku zote alikuwa anajua!

Nimeondoka bila kuitika shikamoo yake. Nimekosea, wenzangu?

Siku Zuhura akikunja kile kidole akashika kijiko, ndiyo nitamwitikia.