Huyu Si Dada Yangu

Nimeambiwa mara nyingi kwamba watu wa aina yangu hawana maadili. Huwajibu kwamba maadili ndiyo yaliyonitoa kanisani.

Miaka ya elfu mbili nilikuwa mpiga kinanda wa kwaya ya Wakenya na Watanzania kule Wheaton, karibu na Washington, Marekani. Tulikutana Jumapili alasiri, Wamarekani wenye jengo wakishaondoka. Kwa kuwa nilikuwa pia msanii wa picha za kompyuta, kwaya iliniomba video, na wakati ule video ya kwaya haikuhesabiwa kuwa video pasipo maporomoko ya maji nyuma ya waimbaji. Waimbaji hurekodiwa mbele ya kitambaa cha kijani, kisha kompyuta hufuta kila kilicho kijani na kuweka mandhari mahali pake.

Nilipata gereji tupu Manassas, nikatundika kitambaa. Wanakwaya wakashuka garini na sare mpya: vitenge vya kijani, kilemba hadi pindo. Nilipowaonyesha jaribio, waliona nyuso na mikono yao ikielea juu ya maji. Muuguzi mmoja aliyetoka kazini moja kwa moja akasema, "Mwalimu, tumekuja kuimba, si kubatizwa."

Aliyetuokoa ni mwenzangu, mwanamke kama mimi, niliyeishi naye Temple Hills. Alizunguka madukani akarudi na jora la buluu, rangi ambayo kompyuta ingeifuta badala ya kijani, akalipiga pasi sakafuni, na kwa kuwa msumari mmoja wa ukutani ulikuwa umeng'oka, alishika ncha moja ya kitambaa mchana kutwa. Walimshukuru, wakampakulia pilau. Hakuna aliyeuliza yeye ni nani kwangu, nami sikuficha.

Desturi yetu siku ya uzinduzi wa video ni kwamba kila aliyeshiriki kazi husimama na watu wa nyumbani kwake, huwatambulisha, kisha huombewa. Siku chache kabla, mwenyekiti wa kwaya, mama wa Kitanzania niliyemheshimu sana, alinivuta kando. Watu walikuwa wameanza kunong'ona, akasema. Hakutaka niache kinanda, wala video izuiwe.

"Mwalimu, ukisimama, sema ni dada yako. Sote tutaitikia amina, yaishe."

"Na sote tutajua kuwa ni uongo?"

"Mungu anaujua moyo, mwanangu."

"Kama anaujua, mama, nitakuwa namdanganya nani?"

Alinionya kwamba kiburi kitanikosesha kwaya. Nilimjibu kwamba watoto wa kanisa lile tuliwakaririsha amri inayokataza ushahidi wa uongo, na sikuwa tayari kuivunja mbele yao ili watu wazima wakae kwa raha.

Siku ilipofika, niliitwa. Tulisimama wawili.

"Huyu ni mwenzangu wa maisha," nilisema. "Kazi mtakayoiona ni yetu wote wawili. Huyu si dada yangu."

Mchungaji alitazama karatasi yake, akamwita aliyefuata. Hatukuombewa. Video ilionyeshwa, ikapigiwa makofi. Watu walipoanza kunywa chai, mwenyekiti aliniomba nipumzike kwa muda, ila kinanda kibaki, maana kilihifadhi midundo ya nyimbo zote.

Kinanda kilikuwa changu. Nilikichomoa, mwenzangu akabeba miguu ya kinanda, tukapita katikati ya viti, mbele ya wote, ingawa mlango wa nyuma ulikuwa karibu zaidi.

Baadaye walinitumia ujumbe: nikiomba radhi, nitarudi. Sikuomba. Hadi leo, nikialikwa kupiga muziki mahali, huuliza kwanza mwenzangu ataketi wapi.