Vigelegele Nlivyopiga Matrah

Nchekeni tu, jamani. Tulipofika Matrah kutoka Unguja, sote wazima, mama alipika pilau ya sadaka kumshukuru Mungu, akanituma nimpelekee jirani sinia. Kiarabu changu kilikuwa cha salamu tu.

Mwanamke aliyenifungulia mlango alikuwa analia. Nikamuuliza kwa ishara, kuna nini?

“Azaa,” akajibu.

Mimi nikasikia “kazaa”. Nikadhani analia kwa furaha, ingawa nilishangaa mbona wanawake ndani wamejiinamia kimya. Nikatua sinia, nikapiga vigelegele mpaka pumzi ikaniishia.

Bibi mmoja akanivuta mkono, akaninong’oneza kwa Kiswahili cha kwetu:

“Mwanangu, azaa ni matanga. Mumewe kafa jana.”