Mchanganya udongo aliyepotelewa na pua

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu bado umelalia miche, na Babu Tifutifu amesimama kando ya lundo jipya la samadi linalomfika kiunoni. Anachomoa nondo ya chuma aliyoichomeka humo jana, anaifuta, anaiegemeza shavuni na kufumba macho. Ungemwona ungedhani anasikiliza simu.

"Bado lina joto," anasema. "Nikilichanganya leo, miche itaungua mizizi. Tuliache lilale."

Jina la Tifutifu alipewa na wateja wa kitalu hiki, maana miaka ishirini na sita sasa kazi yake ni moja: kuchanganya udongo wa kuoteshea miche. Mapipa matatu ya udongo wa juu, mawili ya samadi iliyoiva, moja la mchanga. Ni kazi ya mgongo hiyo, lakini mwenyewe huifanya kama mtu anayetembea ndani ya ndoto. Robo saa nzima udongo unamwagika tu katikati ya vidole vyake.

Zamani hakuhitaji nondo. Alikuwa na pua. Samadi mbichi inachoma puani. Iliyoiva inanuka kama ardhi iliyonyeshewa. Mwaka jana akapigwa na mafua wiki tatu, mafua yakaondoka na pua yake. Akaficha. Mtu mzima, utaanzia wapi kumwambia bosi kwamba hunusi? Akawa ananusa kwa uongo: anainama, anavuta pumzi, anaitikia kwa kichwa. Miche mia tisa ya mipapai ikaungua, lawama zikaenda kwa muuza mbegu.

Mkewe alishajua. "Alikunywa chai ya maziwa yaliyochacha, akaomba nimwongeze," anasema, anacheka mpaka anashika mlango. "Nikasema moyoni, mzee wangu pua imekwenda."

Kilichomfungua mdomo ni neno. Mwenye kitalu, mama mkali wa kazi lakini mwepesi wa kucheka, alitaka kuuza udongo kwenye mifuko yenye maandishi ya Kiingereza. Binti wa Babu, ambaye ni mwalimu, akaja na kamusi nene wakakaa wote watatu juu ya magunia.

"Baba, kuna hili, dirt. Wapo wanaoita hivyo udongo, ila ni uchafu pia."

"Uchafu? Udongo huu?" Babu akauliza, kama katukanwa yeye.

"Subiri. Asili yake ya zamani kabisa, kwa watu wa kaskazini ya Ulaya kule, ni mavi."

Mwenye kitalu akaangua kicheko. "Mwalimu, hilo kwenye mfuko wangu haliingii!"

Babu hakucheka. Aliwaona hao wazee wa mbali, kwenye baridi yao, wameinama shambani kama yeye.

"Walijua hao," akasema polepole. "Mavi yakitulia yanakuwa udongo. Kazi ni kujua yametulia lini. Mama, mimi sijui tena. Pua imekufa. Ile mipapai niliiunguza mimi."

"Miezi minne nagombana na muuza mbegu, na wewe unanitazama tu?"

"Nisamehe, mama. Niliogopa utaniambia nikapumzike."

Mama hakumwambia apumzike, wala hakumwambia abaki. Alimpa mtihani: achanganye lundo moja bila pua, waoteshe maharage kwenye makopo ishirini. Yakiungua, wataagana kwa amani.

Ndipo Babu akaja na nondo. "Kiganja changu kimekuwa soli ya kiatu, hakijui joto," anaeleza. "Shavu ndilo bado laini."

Leo ni siku ya tisa tangu maharage yapandwe. Mwenye kitalu anafika, hata salamu hakuna, anang'oa mharage na kuutikisa. Mizizi myeupe, imejaa. Anang'oa wa pili. Wa tatu.

"Utanimalizia maharage," Babu anasema.

"Nyamaza, mzee. Kesho tunaanza mipapai kwa udongo huuhuu. Na kwa muuza mbegu utakwenda kuomba radhi mwenyewe."

"Nitakwenda, tena mapema."

Daktari kamwambia pua huenda ikarudi, huenda isirudi. Babu ana mpango wake: kuanzisha lundo dogo nyumbani, chini ya dirisha.

"Kila jioni nitamuuliza mama watoto, leo linanukaje? Anieleze, mimi nifumbe macho nisikilize."

"Nitakwambia ukweli, hata likinuka vibaya," mkewe anasema.

"Na siku likinuka mvua?"

"Siku hiyo nitakaa nawe hapo dirishani, nikusimulie mpaka ulale."