Mikono ya Mama wa Mazoezi

Mama wa mazoezi si mtu wa maneno mengi. Kila asubuhi huvuta kigoda chake kwenye baraza ya hospitali, hapa Butembo, akaketi mbele ya wazee waliopasuliwa, akasugua viganja mpaka vipate moto, kisha akaanza kupepeta maharagi yasiyokuwepo. Ungo uko hewani, kushoto, kulia, taratibu kama wa mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Wazee humfuata wakiwa vitini. Akiona bega limepanda, hulishusha kwa kidole kimoja tu. "Polepole, bamama. Maharagi haina mbio." Marie-Jeanne, mkulima wa Musienene aliyepasuliwa nyonga, huishikilia sauti hiyo. Aliletwa huku kwa kipoyi, machela ya kubebwa mabegani, na wanaume waliombeba wamekimbia vita, hajui wako wapi. Watu wakikimbia na hapa, nani atamubeba? Swali hilo halimtoki kifuani ila ungo ukianza kwenda.

Leo risasi zimelia upande wa Vulamba. Wazee wote wamegeukia lango. "Hapana kuangalia kule. Polepole," anasema mama wa mazoezi, kwa sauti ileile ya kila siku. Lakini Marie-Jeanne anatazama mikono. Ungo unakwenda mbio. Maharagi yote yangekuwa yamemwagika.

"Mama, mikono yako inakimbia."

Mama wa mazoezi anaitazama, kisha anaificha chini ya kitenge. Na Marie-Jeanne, ambaye tangu apasuliwe hajasimama bila kushikwa kwapani, anajikuta yuko wima, anatafuta viatu vyake kwa miguu.