Debe la Tano

Gari lilianza kulia tulipovuka daraja la kwanza kutoka Namtumbo, na aliyekaa nyuma alikuwa mama mkwe. Mkwe mtarajiwa, niseme hivyo, maana jibu lake nilikuwa bado sijalipata. Kwaruu! Kimya. Kisha kwaruu tena kila tukitumbukia kwenye shimo. Kaka yake, mzee mwembamba aliyekaa mbele nami, alijifanya anatazama mashamba ya tumbaku. Mimi jasho lilinitoka mpaka usukani ukawa unateleza.

"Hili gari linalalamika nini?" mama akauliza.

"Ni barabara tu, mama."

Barabara! Ile ile niliyopita asubuhi peke yangu kwenda kuwachukua, bila kusikia chochote.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari yaliyotumika ng'ambo yakaanza kufika mpaka kwetu Songea. Nilikuwa nauza mitumba, mambo yakaninyookea, nikanunua kigari chekundu cha spoti, milango miwili, kimekaa chini kama bata anayeatamia. Kingenitosha kilivyo. Lakini mchumba wangu, aliyekuwa nesi pale mjini na akiishi kwa huyo mjomba wake, aliponiambia kwamba mama yake anakuja kuona binti yake anaolewa wapi, usingizi uliniruka. Nikanunua rimu pana na matairi yake mapana, nikafunga nyuma. Yalitokeza kidogo nje ya bodi. Nilikuwa nalizunguka gari nikiyatazama na kujiona mtu kati ya watu.

Mama hakuweza kukaa mbele. Kwa desturi ya kwao mkwe hakai bega kwa bega na mkwe, hamkazii macho, na wala hamuulizi mambo ya mwili wake. Ndiyo maana nilikunja kiti cha mbele, nikageukia porini, naye akapenya kwenda nyuma upande wa kushoto, kisha akasema, "Haya."

Tulipofika mjini kwa kaka yake, mtaa wa Mfaranyaki, alishuka, akalitazama gari, akasema kama anayeliambia lenyewe, "Jumapili baada ya misa narudi kwangu. Gari linalolia silipandi tena."

Mzee akanivuta kando. "Umesikia? Akirudi kwa basi, ujue umekataliwa. Mambo haya kwetu hayatamkwi."

Lo! Nilimpenda yule binti, jamani. Nililala nikiisikia kwaruu, nikaamka nayo. Nikamfuata jirani yangu fundi.

"Linalia wapi?"

"Nyuma, kushoto."

"Ukiwa peke yako?"

"Halilii."

"Sasa siku hiyo nyuma alikaa nani?"

"Mkwe."

Fundi akakohoa. Akaikagua spana yake kama hajawahi kuiona. "Basi itakuwa beringi," akasema.

Tukafungua beringi, nzima. Akasema shokapu, tukabadilisha. Tukazunguka mtaani wawili, kimya kabisa. "Limepona," akatangaza. Limepona nini! Yeye alijua gari lililia uzito wa nani, na mimi nilijua, ila adabu ilikuwa imetufunga midomo wote wawili.

"Acha papara," akaniambia akikusanya vyombo vyake. "Mkamia maji hayanywi."

Nikabaki na gari langu. Nikapaka chaki kwenye bega la tairi, ili likigusa bodi chaki ifutike, nikaenda nikazunguka soko. Nikarudi, nikainama: chaki ipo. Nikapanda juu ya buti nikarukaruka kama mwehu, majirani wakitazama. Ipo vile vile.

Jumapili ile sikwenda misa, Mungu anisamehe. Niliweka gunia tupu kwenye kiti cha nyuma, kushoto, nikaanza kulijaza mahindi kwa debe. La kwanza, la pili, la tatu. Hapo nikasita. Aibu gani hii, kumpima mama wa watu kwa mahindi! Nikaendesha mpaka kwenye kalavati, nikaruka nalo. Kimya. Nikaongeza la nne huku nikimwomba radhi kwa sauti. Kimya. Nikamimina la tano.

Kwaruu!

Nilipiga kelele za furaha peke yangu garini. Niliporudi uani nililala chini, nikaona: chaki imefutika begani mwa tairi, na ukingo wa ndani wa madigadi una weusi wa mpira. Uzito ukikaa nyuma bodi inashuka, na tairi lililotokeza halina pa kwenda. Jambo dogo hivyo, nami nimelipia beringi na shokapu!

Nikiwa bado mchangani nikaona miguu miwili yenye viatu vya kanisani, na nyuma yake ya mzee.

"Huyo aliyekaa pangu ni nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Shikamoo mama," nikasema nikiwa pale pale chini.

"Marahaba. Madebe mangapi?"

"Matano, mama."

"Umenipunja," akasema, akacheka mpaka akashika mlango wa gari. "Mimi ni kilo mia kasoro mbili. Nilijipima kwenye mzani wa tumbaku, watu wakiona. Ungeuliza! Mficha uchi hazai, kijana. Haya, dawa yake nini?"

"Kuukunja ukingo kwa nyundo, au kurudisha rimu za zamani."

"Za zamani zilikuwa zinalia?"

"Hapana."

"Ulizitoa kwa nini?"

"Nilitaka ukija unione mtu."

Hakucheka tena. "Rudisha zile. Nasubiri."

Akakaa kwenye kigoda akiangalia barabara, nami nikashusha gunia, nikafungua nati, nikarudisha rimu za zamani. Tukaondoka. Gari halikulia hata mara moja, na hapo ndipo nilipoteseka kwelikweli, kwa sababu na yeye hakusema neno. Kelele ilikuwa afadhali. Nyumba za Namtumbo zilipoanza kuonekana nilikuwa nimeshakata tamaa.

"Kijana," sauti ikatoka nyuma. "Binti yangu unamwona mwembamba?"

"Ndiyo, mama."

"Nilipoolewa nilikuwa mwembamba kumshinda. Akizaa, akishiba, akizeeka, atakuwa mimi. Siku hiyo gari likilia, utashusha nini, yeye au mapambo yako?"

"Mapambo, mama."

"Sema kwa nguvu, mjomba wake asikie."

"Nitashusha mapambo!"

"Basi."

Neno hilo ndilo lililokuwa jibu. Mzee aliniminya goti, na mimi macho yakajaa machozi nikiwa barabarani, nusura niingie mtaroni.

Mke wangu sasa ni mama yake mtupu. Juzi tulikuwa tunakwenda Maposeni, si kwa kigari kile, kiliuzwa zamani. Alipokaa, springi zikalia. Akanigeukia. Nikashuka, nikatoa kreti zangu za soda kwenye buti, nikazipanga barazani, tukaondoka.