Nusu Babu na Dirisha la Kulia

Ukimtazama kutoka kushoto alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na sita, shavu limejaa, anafaa hata kwenda kuposa. Ukizunguka kulia ulikutana na baba yake. Ngozi imelegea, makunyanzi yameshuka kutoka kwenye kona ya jicho mpaka kidevuni, na madoa meusi yametapakaa shavuni. Madereva wenzake wa malori walimwita Nusu Babu. Jina hilo halikumuudhi, kwa sababu lilimpa nafasi ya kusimulia kisa chake, na kusimulia alikuweza kuliko hata kuendesha.

Kisa chenyewe kilikuwa kimoja tu: mke.

"Mama watoto analala upande wangu wa kulia," alikuwa akisema, kidole shavuni. "Miaka ishirini na mbili ananisemea sikio hilihili. Bati linavuja, mtoto anakohoa, mama yake mzazi anaumwa. Haya mnayoyaona si makunyanzi, ni maneno yake."

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, na kila aliyecheka aliondoka na kisa hicho akakipeleka mji mwingine. Ikafika mahali hakuna kituo cha mafuta kwenye barabara yao ambacho hakikujua kwamba mama wa watu amemla mumewe nusu ya uso.

Na bwana huyu hakuishia kwenye mdomo. Miaka mitatu iliyopita alimhamishia mkewe chumba cha watoto, eti auokoe upande uliobaki. Kitanda kikubwa akajibakishia yeye na uso wake. Kila aliporudi safari alijikagua kwenye kioo cha bafuni, akakuta kunyanzi jipya, kulia vilevile, na mke yuko chumba cha pili amelala zake. Hata hapo hakujiuliza. Alikuwa ameshapata wa kumlaumu, na wa kumlaumu alikuwa karibu.

Jumatatu moja jirani alimpa mkewe pole sokoni, kwa huruma kabisa, akamwuliza kama kweli mumewe amezeeka kwa sababu ya ulimi wake. Mama yule alirudi nyumbani, akashusha begi kutoka juu ya kabati. Mumewe alikuwa anafunga viatu vya safari.

"Baba watoto, kama ni mimi ninayekuzeesha, nakuondolea tabu," akamwambia. "Ukirudi Ijumaa hujayafuta maneno yako mbele ya hao uliowaambia, mimi nahamia kwa binti yetu."

"Unanitania."

"Nimekutania lini?"

Kweli, hakuwahi. Safari nzima Nusu Babu alikosa hamu ya kula. Alimpenda mkewe, na hapo ndipo ujinga wake unapokera: alimpenda, na bado akamfanya kichekesho cha barabarani.

Ijumaa asubuhi, kwenye yadi ya kampuni, madereva walipanga foleni kupimwa macho. Muuguzi, mama wa makamo asiyependa kupotezewa muda, alimshika Nusu Babu kidevu akamgeuza huku na huku.

"Unaendesha mwaka wa ngapi huu?"

"Wa ishirini. Lakini huu uso si udereva, sista, ni mke. Analala kulia."

Mazoea ni kitu kibaya. Begi linamsubiri nyumbani, naye bado anachekesha foleni. Muuguzi hakucheka. Alimwita utingo wa Nusu Babu, msaidizi wake wa safari, mtu wa miaka hamsini aliyekalia kiti cha kushoto cha lori lao miaka yote, akamgeuza uso watu wakiona. Shavu la kulia laini, la kushoto limekunjamana.

"Na wewe, mkeo analala upande gani?"

"Mimi sijaoa," akasema utingo.

Kicheko kikakatika.

"Ni jua la dirishani," akasema muuguzi. "Kioo kinakukinga na upepo na vumbi, lakini jua linalochakaza ngozi linapita. Na hiyo sigara mfukoni inalisaidia. Weka pazia, paka mafuta ya kukinga jua, umpumzishe mkeo. Anayefuata."

Madereva wakaanza kujipapasa mashavu ya kulia. Wanne kati yao, waliokuwa na visa vyao kuhusu wake zao, wakakumbuka ghafla kwamba wana haraka. Nusu Babu akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba alimsingizia mkewe. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyekipeleka kisa hicho mji mwingine.

Alifika nyumbani na kitambaa cha pazia kwapani. Mkewe alikuwa ameketi sebuleni, begi miguuni. Akamweleza yote: dirisha, jua, utingo, maneno aliyoyafuta. Kisha akainama kulishika begi alirudishe chumbani, chumba chenye kitanda kikubwa.

"Liache kwanza," akasema mkewe.

Akausogeza uso wake kwenye mwanga wa mlangoni. Nusu Babu akautazama, na ilikuwa zamani sana tangu autazame. Makunyanzi yalikuwa kulia na kushoto, sawasawa.

"Kwako ni dirisha, nimekuelewa," akasema mkewe. "Mimi sijapanda lori lako hata siku moja. Nijibu, mume wangu. Mimi nimezeeshwa na nini?"

Mtu aliyekuwa na jibu kila kituo cha mafuta akaliachia begi, akaketi chini.